Hedhi ikikatika kabla ya miaka 40: homoni za kufidia, vidonge vya majira au kuacha kama kulivyo

Mwanamke wa Unguja au Pemba anayeambiwa kwamba ovari zake, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, zimedhoofika kabla ya wakati hutoka kwa dokta na swali moja tu mdomoni, nalo ni kama atapata mtoto. Swali hilo lina haki yake na nitalifikia. Lakini baada ya miaka saba ya kuishi na hali hii nimeona kwamba nyuma yake limejificha swali jingine lililo la haraka zaidi: mwili utaipata wapi estrojeni, homoni ya kike ambayo ovari hazitoi tena? Suala la mtoto linaweza kungoja mwaka, hata miaka mitano, ilhali mifupa na mishipa ya moyo huanza kupungukiwa tangu pale homoni iliposhuka. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na dawa, na uzazi nimeuweka mwisho kwa makusudi, ingawa najua wasomaji wengi wataruka wakaanzie huko.

Kilichotokea mwilini

Kwa kawaida hedhi hukoma baina ya miaka 45 na 55. Ovari zikisita kabla ya 40, hali hiyo huitwa upungufu wa mapema wa kazi ya ovari. Kwa miaka mingi vitabu vilisema humpata mwanamke mmoja katika kila 100. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2024 umeipandisha hesabu hiyo hadi karibu 3.5 katika kila 100. Kwa walio chini ya miaka 30 hukadiriwa mmoja katika 1,000. Neno "upungufu" lina maana yake. Fuller Albright, dokta wa Boston aliyeieleza hali hii mwaka 1942, alilichagua badala ya kusema kwamba ovari zimekufa, na alikuwa na sababu, maana kwa wengi wetu ovari huzinduka mara moja moja, zikapevusha yai, hedhi ikaja bila kutarajiwa, kisha zikanyamaza tena kwa miezi.

Sababu inayojulikana inaweza kuwa hitilafu ya kromosomu ya X, kama ilivyo kwa wenye hali ya Turner, au badiliko la jeni iitwayo FMR1, ambalo katika ukoo huohuo linaweza kuleta watoto wenye ulemavu wa akili. Inaweza pia kuwa kinga ya mwili inayozishambulia tezi, au dawa na mionzi ya saratani, au upasuaji wa ovari zenyewe. Wengi wetu hatuambiwi sababu yoyote hata baada ya vipimo vyote, kwa kuwa haionekani. Vidonge vya majira, sindano ya uzazi wa mpango na kuchelewa kuolewa havimo katika orodha ya sababu, na nalisema hili kwa sauti kwa kuwa nimeshutumiwa kwa vyote vitatu.

Mimi ilinianza nikiwa na miaka 31, katika msimu wa karafuu. Tulikuwa tumekaa usiku juu ya jamvi tunachambua, kila mmoja na rundo lake mbele, na upepo uliwafanya wenzangu wajitande kanga mbili mbili. Mimi peke yangu nilikuwa natota jasho kuanzia kifuani hadi kwenye paji la uso, kanga imeninata mgongoni, na baada ya dakika tatu au nne baridi ikaniingia mpaka nikatetemeka na makonyo yakanidondoka mkononi. Nilitibiwa malaria mara mbili bila kipimo kuonesha chochote. Hedhi ilipokosekana kwa miezi minne, kituo kimoja nilichokwenda kilinipa vidonge vya majira ili "kurejesha mwezi". Damu ilikuja, sote tukaridhika, na mwaka mzima ukapotea.

Damu ile ilikuja kwa sababu ya vidonge, si kwa sababu ovari zimerudi kazini. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningependa kila msichana alijue: kipimo kifanywe kabla ya kidonge chochote cha homoni, kwani vidonge hushusha namba ambayo dokta anaitafuta. Namba yenyewe ni ya homoni iitwayo FSH, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo na kazi yake ni kuziamsha ovari. Ovari zisipoitika, tezi hupaza sauti, mfano wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde na kila asipojibiwa huita kwa nguvu zaidi. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekosekana au imevurugika kwa angalau miezi minne, FSH iliyozidi 25 humwelekeza dokta kwenye jawabu hili, na pakiwa na shaka kipimo hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita. Kabla ya hapo hupimwa mimba, tezi ya shingo na homoni ya maziwa, maana hizo nazo huzuia hedhi na tiba yake ni tofauti kabisa. Majibu yakishathibiti, mume asiachwe nje ya mazungumzo. Kwetu huko kuachwa nje ndiko kunakozaa maneno ya baadaye.

Kuacha kama kulivyo, au kutegemea dawa za miti

Njia ya kwanza mbele ya mwanamke ni kutofanya kitu, na wako wengi wanaoichagua bila kujua kwamba wamechagua. Hoja yao inaeleweka: hakuna gharama, hakuna safari ya mjini, na joto la ghafla kwa baadhi yetu hupungua lenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Kinachobaki hakionekani kwa macho. Mwanamke wa miaka 32 anayekosa estrojeni mpaka 50 anakaa miaka 18 bila kinga ambayo wenzake wa rika lake wanayo, na matokeo yake ni mifupa inayovunjika kwa mwanguko mdogo na moyo unaopata maradhi mapema. Ukavu wa uke nao hauponi wenyewe. Huzidi, na ndio unaowafanya wanawake wengi waanze kumkwepa mume bila kumwambia sababu.

Habasoda, asali, mdalasini na mizizi inayochemshwa siwezi kuvidharau, nimekulia navyo, na kombe, yale maandishi ya Qurani yanayooshwa kwa maji, nimelinywa kwa imani yangu na naendelea nalo. Hata hivyo hakuna ushahidi kwamba kimojawapo kinairejesha kazi ya ovari au kuilinda mifupa ya mwanamke mwenye umri huu. Chakula na mazoezi ni sura nyingine. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa na mtindi hutoa madini ya chokaa, yaani kalsiamu, nao mwili wa mtu mzima unaihitaji kiasi cha miligramu 1,000 kwa siku; kutembea kwa miguu, kupanda vilima na kubeba uzito huimarisha mifupa; na jua, ambalo sisi tunalo kwa wingi lakini tunalikinga kwa buibui kuanzia asubuhi hadi jioni, ndilo linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Nyua zetu zenye kuta zina faida hapo: robo saa ya mikono wazi unapoanika nguo. Mambo haya yanakwenda sambamba na homoni, hayachukui nafasi yake.

Kwa hiyo njia hii ningeiacha kwa wale tu ambao dokta amewakataza estrojeni, hasa waliowahi kupata saratani ya matiti inayolishwa na homoni hiyo. Wao wana mpango wao, na haufanani na huu ninaouandika.

Homoni za kufidia au vidonge vya majira

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, kwa sababu njia zote mbili zinatoa estrojeni na zote mbili zinaleta nafuu ya joto ndani ya wiki chache.

Homoni za kufidia ni estradioli, yaani estrojeni ileile inayotoka kwenye ovari, ikiongezwa projesteroni kwa kila mwanamke ambaye kizazi chake kipo. Projesteroni si ya kuachwa kwa kubana matumizi: estrojeni ikitumiwa peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani humo. Kipimo anachohitaji mwanamke kijana ni kikubwa kuliko cha bibi wa miaka 55, kwa kawaida angalau miligramu 2 za kumeza kwa siku au plasta ya mikrogramu 100. Mimi mwanzoni nilipewa nusu ya hiyo, pengine kwa hofu, na jasho la usiku halikuniacha hadi kipimo kilipopandishwa.

Vidonge vya majira vya mchanganyiko vina estrojeni ya kutengenezwa, yenye nguvu zaidi, pamoja na homoni ya pili ndani ya kidonge kilekile. Faida yake ni ya wazi. Katika vituo vya afya vya serikali hutolewa bila malipo kama huduma ya uzazi wa mpango, kila mtu anavijua, na msichana wa miaka 20 anayemeza kidonge hiki haonekani tofauti na wenzake. Hilo kwa umri wake lina uzito mkubwa kuliko sisi watu wazima tunavyokubali. Vinazuia mimba pia. Homoni za kufidia hazizuii, na kwa kuwa wanawake baina ya 5 na 10 katika kila 100 wenye hali hii hupata mimba wenyewe bila tiba, asiyetaka mimba anahitaji kinga ya pili.

Kasoro ya vidonge vya majira iko katika zile siku saba za mapumziko, au za vidonge vya rangi nyingine visivyo na dawa. Kwa mwanamke mwenye ovari nzima siku hizo hazina madhara, kwani ovari zake zipo. Kwa sisi ni siku saba bila estrojeni kabisa, na pakiti 13 kwa mwaka hufanya siku 91, yaani robo ya mwaka. Mimi katika mwaka ule uliopotea nilikuwa naijua wiki ya mapumziko kwa kichwa kuniuma na kwa kuamka saa nane za usiku nikiwa nimelowa. Anayevichagua basi amwulize dokta kuhusu kuunganisha pakiti, akamaliza vidonge vyenye dawa vya pakiti moja na kuanza nyingine bila kupumzika. Zaidi ya hapo, tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa wanawake wa hali yetu zimeonesha homoni za kufidia zikiwa na matokeo mazuri zaidi kwa uzito wa mifupa ya mgongo na kwa shinikizo la damu. Mwenye presha ya kupanda, mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, au aliyewahi kuganda damu mguuni hapaswi kabisa kutumia vidonge vya majira vya mchanganyiko.

Hukumu yangu ni kwamba aliyevuka miaka 30, aliyeolewa, ambaye mimba ya ghafla kwake ni neema, hana sababu ya kuchagua majira ila bei na upatikanaji. Msichana aliye skuli au chuoni naweza kumwelewa akianza navyo, mradi aviunganishe na ajue kwamba baadaye anaweza kuhamia njia nyingine.

Nitaje haraka vitu viwili vinavyochanganywa na hivi. Sindano ya miezi mitatu na vipandikizi vya mkononi havina estrojeni, na sindano yenyewe hupunguza uzito wa mifupa, kwa hiyo kwetu ni chaguo baya. Kitanzi chenye homoni, kwa upande mwingine, ni cha kufikiriwa sana: kinaulinda ukuta wa kizazi badala ya projesteroni ya kumeza na kinazuia mimba kwa wakati mmoja, na juu yake unaongeza estradioli. Kitanzi cha shaba hakifanyi kazi hiyo ya kwanza.

Hofu ya saratani ya matiti nimeisikia kila nilipotaja homoni, na chanzo chake ni utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Wanawake waliochunguzwa walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani wao 63, wote wamekwisha kukoma hedhi. Kumpimia mwanamke wa miaka 32 kwa matokeo yale ni kumvisha kanzu ya babu. Sisi tunarejeshewa kile ambacho wenzetu wa rika letu wanacho bila kukinunua, mpaka karibu na umri wa miaka 50 au 51, na hadi hapo hatari ya saratani ya matiti haijaonekana kuzidi ile ya mwanamke wa umri huohuo anayepata hedhi yake.

Plasta, jeli au kidonge

Estradioli ya kumeza ni rahisi kusafiri nayo, haihitaji maelezo marefu, na katika Ramadhani humezwa wakati wa futari au daku bila matatizo. Hupitia kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu, na hapo ndipo hatari ndogo ya damu kuganda inapotoka. Ya kupitia ngozi haina tatizo hilo, kwa hiyo mwenye presha, uzito mkubwa au kipandauso huelekezwa huko.

Plasta hubandikwa chini ya kitovu au kwenye makalio na hubadilishwa mara mbili kwa wiki, maana yake 104 kwa mwaka. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuanza, kwa kuwa si kila duka la dawa linaziweka. Mimi huagiza Dar es Salaam za miezi mitatu kwa pamoja na huanza kutafuta nyingine zinapobaki nane. Adui yake hapa kwetu ni unyevu. Katika miezi ya kaskazi, nikiwa nimetoka kuoga kwa mara ya tatu, kona za plasta huinuka, hukusanya vumbi la khaki kutokana na nguo, na siku moja niliikuta imenata kwenye shuka. Nimejifunza kuibandika usiku baada ya ngozi kukauka kabisa, bila mafuta ya nazi wala losheni mahali hapo, na kuikandamiza kwa kiganja kwa muda wa kusoma Alhamdu mara mbili tatu. Siku zangu ni Jumatatu na Alkhamisi. Nimezichagua kwa sababu ni siku za funga ya sunna na nyumbani kwetu hazisahauliki, na wanazuoni wa zama hizi wanasema kinachopita kwenye ngozi hakifunguzi.

Jeli hukauka haraka na haiachi alama, lakini mkono au paja ulilopaka halifai kugusana na mtoto mpaka likauke na kufunikwa, na katika nyumba ambayo mtoto hupakatwa wakati wote nimeona hiyo ni shida isiyo ya lazima.

Kuona damu kila mwezi, au kutoiona

Madokta hulipitisha suala hili kwa sentensi moja, nami nafikiri kwa wanawake wa visiwani ndilo linaloamua kama dawa itatumika au itawekwa kabatini.

Projesteroni inaweza kumezwa kwa siku 12 tu katika kila mwezi, kwa kawaida miligramu 200 usiku, na baada ya siku hizo damu huja kwa wakati unaotabirika. Inaweza pia kumezwa kila siku kwa kipimo kidogo, na hapo damu hukatika. Njia zote mbili zinalinda kizazi. Tofauti iko katika maisha ya kila siku, na katika nyumba zetu kila mtu anajua mwanamke yuko katika siku zake kwa kuangalia kama ameshuka kusali.

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa wangu, kabla sijaanza dawa, nilifunga Ramadhani yote bila kukosa siku. Usiku wa kuamkia sikukuu mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa anakuna nazi uani, nami nikimpokelea. Akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mbuzi, "Mwanangu, mwaka huu huna deni hata siku moja?" Nikamjibu, "Sina, mama." Akaendelea kukuna. Hakuuliza tena, na sijui kama katika maisha yangu nimewahi kusikia swali lililoniuma kuliko lile lililoulizwa kwa upole namna ile.

Basi nilichagua damu ya kila mwezi. Sioni haya kukiri kwamba sababu ya kwanza ilikuwa mavyaa. Sababu ya pili niliigundua baadaye na ndiyo bora zaidi: ile njia ya kumeza kila siku huweza kuleta matone yasiyo na ratiba katika miezi ya mwanzo, hasa kwa mwanamke ambaye ovari zake bado huzinduka, na matone hayo huleta taabu kubwa ya udhu na ya kujua lipi ni hedhi na lipi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Damu inayokuja kwa mpango katika siku zake inajulikana mwanzo na mwisho. Sheikh niliyemuuliza alinijibu kuwa kwangu mimi ihesabiwe hedhi. Mwingine amuulize wa kwake. Zaidi ya hayo, anayepewa talaka akiwa katika hali hii apeleke maelezo ya dokta kwa kadhi, kwa sababu wanazuoni wamehitilafiana juu ya eda ya mwanamke ambaye hedhi imemkatikia kabla ya umri wa kukata tamaa ya kuiona tena, na hilo si la kukisiwa jikoni.

Kwa upande wa pili, mwanamke aliyekuwa akiumia sana katika hedhi, mwenye upungufu wa damu, au anayekaa kwake bila mtu wa kumhesabia miezi, anaweza kuona kutotoka damu ni raha kubwa, na nafuu hiyo haina kasoro ya kitabibu. Projesteroni humletea mtu usingizi. Katika Ramadhani mimi huimeza baada ya tarawehe, na kabla ya hapo huhakikisha kwamba yuko mtu wa kuniamsha daku.

Mtoto

Njia ni tatu, na hapa sitazipa nafasi sawa.

Ya kwanza ni kungoja huku ukitumia homoni za kufidia. Mwenye bahati ni yule mmoja katika 10 hadi 20 niliyemtaja, na hakuna dawa iliyothibitika kuiongeza bahati hiyo. Yapo matangazo ya kuchoma sindano za plazima ya damu ndani ya ovari, na ya seli shina, kwa bei zinazoweza kuuza shamba la mikarafuu. Hayo bado yako katika majaribio, na anayetozwa fedha kwa jaribio ana haki ya kuuliza kwa nini.

Ya pili ni yai la mwanamke mwingine kuunganishwa na mbegu ya mume, kisha kuwekwa katika kizazi chako. Kitabibu ndiyo yenye matumaini makubwa, kwa kuwa kizazi kwa kawaida ni kizima na umri unaohesabiwa ni wa mwenye yai. Kidini, wanazuoni wengi wa Kisunni wameikataa kwa sababu inamwingiza mtu wa tatu katika nasaba ya wanandoa, na Visiwani wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi. Kwa Mashia Ithnaashari kuna rai iliyoruhusu, iliyotolewa Iran mwaka 1999 na Ayatollah Khamenei, kwa masharti yake. Mkristo ataangalia kanisa lake. Mimi na mume wangu tuliifunga njia hii kwa mazungumzo ya jioni moja, na simlaumu aliyeamua vingine.

Ya tatu ni kulea, na kwetu ina mizizi mirefu, maana ni nyumba chache ambazo hakuna mtoto aliyelelewa na shangazi au mama mkubwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua kafala, ambayo mtoto hubaki na jina la baba yake kama Suratul Ahzab inavyoamrisha. Wanaojadiliana kuhusu kulea husahau jambo moja linalokuja kuwasumbua mtoto akibaleghe, nalo ni umahramu, yaani udugu unaozuia kuoana na hivyo kuondoa haja ya kujisitiri. Mtoto wa kiume wa dada yako ni mahramu wako kwa damu, utakaa mbele yake kichwa wazi maisha yake yote. Wa kike wa dada yako si mahramu wa kudumu wa mume wako. Mtoto wa kike wa wifi yako kinyume chake: kwa mume wako ni mpwa wa damu, na kwako wewe mwanamke mwenzako hapana kizuizi. Ikiwa mtoto si wa ndugu, kunyonya huziba pengo hilo. Kwa Mashafi ni mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, kwa hiyo mtoto wa kiume akinyonyeshwa na dada yako amekuwa mpwa wako wa kunyonya, na wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume amekuwa mpwa wa mume. Haya hupangwa mtoto akiwa mchanga. Akitimiza miaka miwili muda umekwisha.

Sisi tulichukua mtoto wa kike wa wifi yangu, wa nne kuzaliwa kwao, akiwa na miezi saba. Skuli ameandikishwa kwa jina la baba yake na sikukuu hulala kwao. Amekwisha kuuliza ile plasta ni ya nini, nikamwambia ni dawa ya mifupa ya mama, jambo ambalo ni kweli, na mengine atayajua akikua. Sasa yeye ndiye mwenye kuhesabu siku. Wiki iliyopita nilipitiwa, nikawa nimeshazima taa, akaniita kutoka upande wa pili wa chandarua: "Mama, leo Alkhamisi."